Zamu ya Kampuni Kulimiwa

Nilirudi nyumbani kutoka chuo kikuu mwishoni mwa miaka ya tisini nikiwa na sanduku la vitabu, madaftari mawili ya mashairi, na imani kwamba sentensi iliyopangwa vizuri inaweza kumtoa mtu machozi. Mama alikuwa na imani yake: mtu aliyesoma vitabu vingi hivyo lazima aelewe karatasi yoyote. Kwa hiyo hoteli moja ya Nairobi ilipoliambia kundi la Mama la wasukaji saba kwamba haitanunua tena vyondo, vile vikapu vya mkonge, ila kwa kampuni iliyosajiliwa, mimi ndiye niliyeburutwa hadi kwa wakili mjini Machakos kuwa mkalimani.

Kundi lenyewe lilianza kama mwethya. Kila Jumatatu walikutana kwenye shamba la mmoja wao, wakachimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, wakanywa uji wa mwenye shamba, na Jumatatu iliyofuata ikawa zamu ya mwingine. Aliyekosa bila kutuma neno alitozwa kuku. Vyondo walisuka wakiwa wanapumzika, kama kupumzika ni kukaa na mikono inayokimbia.

Wakili alieleza kwa Kiingereza cha haraka kwamba kampuni ni mtu mbele ya sheria, mbali na wanachama wake. Akaninyooshea kidole nitafsiri. Nikasimama.

"Leo tunazaa mtu," nikawaambia. "Hana mwili, kwa hiyo hataugua. Hana nywele, kwa hiyo hatapata mvi. Sisi tutapita, yeye atabaki juu ya vilima hivi kama ukungu wa asubuhi."

Mwekahazina wa kundi, jirani yetu wa miaka mingi, alijipangusa jicho kwa ncha ya leso. Nilijisikia vizuri kupita kiasi.

"Mimi nilisema maneno machache tu," wakili akaninong'oneza.

Mama peke yake hakuguswa. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, chotara mwenye doa jeupe usoni, aliyemnunua kwa vyondo vya miaka kadhaa.

"Huyo mtu akikopa na asilipe," akauliza, "watakuja kuchukua ng'ombe yangu?"

"Hapana, Mama. Deni la kampuni ni la kampuni. Wewe unachoweza kupoteza ni zile hisa ulizonunua. Ng'ombe yuko nje."

"Lakini ofisi mtaandika iko kwangu. Ile chumba ya karibu na zizi."

"Hata hivyo yuko nje."

"Basi andika kwamba iko nje."

Wakili akasema sheria imekwisha kuandika. Mama akatia sahihi kama mtu anayenunua mbuzi bila kumwona meno.

Miezi miwili baadaye, zamu zote zilipokwisha kuzunguka, mwekahazina alikuja kwetu na jembe begani.

"Kuna mwenzetu mmoja hajalimiwa," akasema.

"Nani?" nikauliza.

"Si huyo kampuni. Ni mwanachama ama si mwanachama?"

Nilieleza kwamba kampuni haina shamba, haina tumbo, haihitaji matuta. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Wewe ndio ulituambia ni mtu," akasema. "Ulisema mpaka nikalia."

Jumatatu hiyo walikuja wote. Mama aliiazima kampuni kipande cha ardhi nyuma ya ofisi, wakachimba matuta mawili marefu, mazuri kuliko yetu, na juu yake wakapanda nepia, yale majani ya kulisha mifugo. Kampuni, kwa kuwa ndiyo mwenye shamba, ilitoa uji: unga ulinunuliwa kwa pesa za kopo lake, na mwekahazina akahifadhi risiti.

Nepia ilistawi. Ng'ombe aliinusa kutoka zizini akalia siku nzima. Mama, ambaye ni mzee wa kanisa na hawezi kuchuma hata mchicha wa jirani, aliamua kwamba majani ni ya kampuni na ng'ombe ni wake, basi. Kila Jumamosi alikata mzigo mmoja, akatia pesa kwenye kopo, akaandika risiti.

Hoteli nayo ikanyamaza. Kila tukipiga simu tuliambiwa tutapigiwa. Mwaka ukaisha hatujauza kiondo hata kimoja, na akina mama waliponiuliza kuhusu fomu ya kodi, nilijibu kwa ujasiri wote wa ujana: "Mtu asiyepata kitu atatozwa nini?"

Barua ilikuja kwenye sanduku la posta la kanisa. Kampuni haikuwasilisha fomu ya mapato, ilisema, na imetozwa faini. Isipolipa, mali yake inaweza kutwaliwa. Mama alinifanya nisome neno hilo la mwisho mara tatu. Kesho yake nilipoamka zizi lilikuwa tupu. Ng'ombe alikuwa njiani kwenda kujificha kwa mama mdogo, kule Kathiani, na kwetu tukaanza kunywa strungi, chai isiyo na maziwa. Siku tisa za strungi, kwa sababu ya fomu niliyosema haina maana.

Siku ya kumi tulikwenda ofisi ya kodi: Mama, mwekahazina na mimi. Afisa alikuwa mwanamke wa rika la Mama, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja.

"Kampuni haikupata chochote," nikaanza, "na mbele ya utupu kama huo, hata serikali..."

Mama akanifinya.

"Hata isipopata," afisa akasema, "unaleta fomu imeandikwa sufuri. Tusipoona fomu, tutajuaje?"

Mwekahazina akapiga goti lake. "Kumbe ni kama mwethya! Ukiwa mgonjwa unatuma neno. Usipotuma, kuku."

"Kwetu Tala ilikuwa kuku mbili," afisa akasema.

"Na mbona huyu msomi wetu hakutuambia?" mwekahazina akauliza.

Wote watatu wakanitazama. Nikatazama kalenda ukutani.

"Kwa hivyo niandike sufuri?" afisa akauliza.

Ningesema ndiyo na tungekuwa nyumbani saa sita. Lakini Mama alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha risiti.

"Sufuri hapana. Iliuza majani."

Afisa akafunua kurasa polepole. "Nani alinunua?"

"Mimi."

"Na hii sahihi ya muuzaji?"

"Ni yangu pia. Hapo niko kama mwenyekiti."

Afisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akatueleza, taratibu, kile ambacho mimi nilipaswa kukijua: kodi ya kampuni haikatwi kwenye kila shilingi inayoingia. Kwanza unatoa ulichotumia kuipata. Kinachobaki ndicho faida, na ndicho kinachotozwa.

"Kampuni ilitumia nini kupata haya majani?"

"Uji," wakasema wote wawili.

"Mko na risiti ya unga?"

Mwekahazina akaingiza mkono ndani ya kiondo hadi kwenye kiwiko, akaitoa. Afisa akajumlisha. Uji ulikuwa umeyashinda majani.

"Mmepata hasara," akasema. "Mwaka huu hakuna kodi. Lakini faini ya kuchelewa iko pale pale."

Mama akashusha sauti. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa mbele ya watu.

"Niambie ukweli, dada yangu. Niuze ng'ombe?"

"Ng'ombe ni ya nani?"

"Yangu."

"Na kampuni iko na nini benki?"

"Iko na pesa za hisa. Lakini hizo ni zetu, tulitoa sisi."

"Mlitoa mkampa nani?"

Mama alifikiri. Niliuona mwaka mzima ukipita usoni mwake: matuta, uji, kila Jumamosi na risiti yake.

"Mwenzetu," akasema.

"Basi alipe yeye."

"Na ng'ombe?"

"Sijaiona popote kwenye hii karatasi."

Mama akapumua kama mtu aliyetua debe la maji. "Kumbe kweli iko nje," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na shaka.

Kesho yake tulimfuata ng'ombe kule Kathiani, tukatembea naye hadi nyumbani. Alipoingia uani hakulitazama zizi. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya ofisi, na kabla sijaikamata kamba alikuwa amejaza mdomo nepia ya kampuni.

Nilitaka kumvuta. Mama akaniwekea mkono.

"Mwache ashibe. Kalete kitabu cha risiti. Andika mzigo moja."

"Ni nusu tu, Mama."

"Andika moja. Huyo mwenzetu kampuni hana mdomo ya kujitetea."

Nikaandika. Akatia sahihi mara mbili, ya mnunuzi na ya mwenyekiti, kisha akaenda kutafuta sufuria ya kukamulia.