Pamba katika Nyumba ya Minong'ono

Fundi cherehani alizoea kufunga mlango polepole, kitasa kisilie. Mwanawe wa kwanza aliugua moyo kwa muda mrefu, na nyumba nzima ikajifunza kumlindia usingizi. Redio ilizimwa, viti viliinuliwa badala ya kuburutwa, wageni walipokelewa nje na kuagwa hapo hapo. Mtoto akafariki, akazikwa, kimya kikabaki. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukifukuza. Mumewe aliendelea kuvulia viatu mlangoni, na binti yao alinong'ona hata alipoomba chumvi.

Binti huyo ndiye aliyetaka mbwa. Hakuwa ameomba kitu chochote tangu msiba, na mama yake hakuweza kumkatalia.

Walikwenda kwa nesi mstaafu aliyefuga mbwa wa aina ndogo uani kwake. Mtoto mmoja wa mbwa aliwarukia na kuvuta kamba za viatu vya binti. Mwingine alijibanza nyuma ya ndoo.

"Huyu aliyejificha ndiye mpole," alisema fundi.

"Mpole wapi, mama! Huyo ana woga, na mbwa mwenye woga hakawii kung'ata." Nesi alimwinua wa tatu, akamlaza chali kiganjani. Alifurukuta kidogo, akatulia, akamlamba kidole. "Mchukueni huyu. Ila msimfiche. Azoee watu, ufagio, sufuria ikianguka. Asichokijua sasa, atakiogopa akikua."

"Nimekusikia, dada."

Alisikia kweli. Lakini nyumbani miguu ilikuwa na mazoea yake. Walimpa jina la Pamba, wakamlisha vizuri, wakamfundisha kwenda haja nje. Binti alimfundisha kukaa kwa kumwonyesha kidole tu, bila neno. Mtu akipiga hodi, Pamba alipelekwa chumba cha nyuma.

"Mbwa gani huyu, hata kubweka hajui," mume alinong'ona akitabasamu, na fundi akaona wamefaulu.

Ndipo alipokuja kaka yake fundi, ambaye wote walimwita Tarumbeta kwa sababu kicheko chake kilitangulia kuingia kabla ya yeye mwenyewe.

"Hodi humu! Jamani, mmehama au mmekufa?"

Alikuwa ameshaingia kabla Pamba hajaondolewa, na neno lilikwisha kumtoka. Alimeza mate, akacheka kwa nguvu zaidi ili kulifunika, akainama kumpapasa mbwa. Pamba alijikojolea, akarudi nyuma hadi ukutani, na mkono ulipomfuata, akaung'ata. Damu ikatoka.

"Arudishwe alikotoka," alisema mume. "Siwezi kufuga mbwa anayeng'ata na mtoto yumo ndani."

"Si kosa lake, baba!" Binti alipaza sauti hata mwenyewe akashtuka. "Hajawahi kumsikia mtu akicheka humu."

Fundi alimwosha kaka yake jeraha, akampeleka zahanati, kisha akapitia kwa nesi. Nesi hakumlaumu. Alimweleza tu kwamba waanze na kelele za mbali, kila kelele ifuatwe na kipande cha nyama, na mbwa asilazimishwe.

"Tumemlea kama tunavyoishi," fundi alimwambia mumewe. "Nipe muda."

"Mpaka mwisho wa mwezi. Aking'ata tena, usinibembeleze."

Wakaanza. Fundi aliangusha kijiko jikoni, binti akatoa nyama sebuleni. Waliburuta kiti. Walifungua redio kwa sauti ya chini, wakaipandisha. Kila mshindo, kabla ya kumtazama mbwa, fundi alitupa jicho kwenye mlango wa chumba cha mwanawe. Siku nyingine alishindwa kabisa, akaenda kukaa uani hadi kifua kitulie. Jioni moja mume aliingia na viatu vyake, akitembea kwa kishindo kama mtu anayejaribu sakafu mpya.

Mwezi ulipoisha, Tarumbeta aliitwa. Fundi na binti waliketi naye mkekani, mgongo wake kwa mbwa, kiganja wazi na mnofu juu yake.

"Yaani mimi na heshima zangu nimeitwa nimpe mbwa mgongo?"

"Tulia, kaka. Usimtazame."

Mume alisimama kando, mikono kifuani. Pamba alisogea, akarudi, akasogea tena. Akautwaa mnofu.

"Jamani, ananitekenya!" Tarumbeta akaangua kicheko.

Pamba alilaza masikio, mwili wote ukamtetemeka. Kisha alinyoosha shingo, akakinusa tena kile kiganja kitupu.

"Kumbe amefuata nyama! Nikadhani ni huu uzuri wangu."

Fundi alicheka kabla hajajizuia. Mara akajiziba mdomo, macho yakikimbilia mlango wa chumba cha mwanawe. Mume alishusha mikono, akaketi mkekani kando ya shemeji yake.

Binti akautoa mkono wa mama yake mdomoni.

"Cheka, mama," alisema, bila kunong'ona. "Azoee."