Msalaba Nilioupasha Moto

Kahawa ilipokosa bei, wengi kwetu tulibaki na mrututu, ule unga wa bluu wa kupulizia mibuni. Jirani yangu aliupaka nguzo za zizi zisiliwe na mchwa, na kweli zizi lipo mpaka leo, ng'ombe ndiye hayupo. Lakini nasimulia msalaba.

Mke wangu alikuwa amefariki, tumemzika kihambani, kati ya migomba. Padri angekuja kesho yake asubuhi kubariki kaburi, na msalaba wa chuma ulikuwa bado haujavikwa shaba. Nilikuwa nimewaahidi ukweni kwamba wa binti yao utang'aa.

Kazi ya kuvika chuma shaba kwa umeme niliiona Moshi mjini, nilikokuwa nafagia karakana moja kabla haijafungwa. Shule niliachia la tatu, ila macho ninayo. Nikayeyusha mrututu ndani ya chungu pamoja na asidi kidogo ya betri ya gari. Msalaba nikauzamisha humo, nikaufunga waya wa hasi wa betri hiyo. Kwenye chanya, fundi wa mjini alifunga kipande cha shaba. Mimi sikuwa nacho, nikapasua betri za tochi, nikatoa vile vijiti vyeusi vya katikati.

Shaba ilikuja, ila polepole. Ilikuwa Julai, na baridi ya mlimani mnaijua. Sisi mbege, pombe yetu ya ndizi, ikigoma kuchacha kwa baridi tunaisogeza motoni. Basi nami nikakisogeza chungu kwenye majivu ya moto.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akapita.

"Shemeji, mbege gani hiyo ya bluu?"

"Ya dada yako."

Akacheka, kisha akachuchumaa kando yangu.

Chungu kilipopata moto, vijiti vikavimba, vikapasuka kama ndizi iliyoiva mno, vikamomonyoka. Tope jeusi likaushika msalaba wote. Nikausugua kwa mchanga. Shaba ikabanduka pamoja na weusi.

"Sasa wazee utawaambia nini?" shemeji akauliza.

"Kwamba nilipasha moto."

Asubuhi tuliusimika hivyo hivyo, mabaka mekundu na meusi. Baba mkwe aliuangalia sana.

"Umeinama kushoto," akasema.

Nikaunyoosha. Maji ya baraka yakateremka meusi. Watu walinitazama, wakingoja nilie. Mimi nilikuwa nawaza vidole vyangu, jinsi asidi ilivyokuwa inawasha.