Kioo cha Bibi na Baskeli ya Jirani

Juzi mwalimu wetu wa fizikia kachora visanduku viwili ubaoni, A na B, kavigonganisha kwa chaki, kisha akajifuta jasho kama aliyevisukuma kweli. "Momentamu," akasema, "ni uzito wa kitu mara mbio zake." Visanduku havina dereva, havina haraka ya kwenda popote, havimtukani mtu. Mgongano gani huo usio na matusi? Nikacheka, nikatolewa nje. Huko barazani, harufu ya kachori za mama wa getini ikinipiga puani, ndipo nikaukumbuka mgongano wa haki niliouona Mji Mkongwe nikiwa mdogo, wiki ya harusi ya shangazi.

Kama hukuwahi kuishi kwenye vichochoro vyetu, msomaji wangu, pole yako. Enzi hizo mizigo ilikwenda kwa gari la hamali, lile la mbao la magurudumu mawili, linasukumwa na mtu. Sheria ilikuwa moja: gari halipishi, hupishwa. Ukisikia "Habedari!" unapanda baraza au unajibandika ukutani kama mjusi, hata uwe nani. Gari zito likishachanganya mbio halisimami kwa kuombwa. Hayo tuliyajua bila ya visanduku.

Siku hiyo gari lilipakia vyombo vya bibi harusi: magodoro ya sufi yaliyonuka jua na, katikati yake, kioo kirefu alichokuja nacho bibi yangu mwenyewe alipoolewa. Alikivisha kanga kama mgonjwa. "Kikivunjika hiki," akamwambia hamali, "harusi mtacheza wenyewe, mie nnarudi zangu kulala." Hakuwa akitania. Bibi alikwishasusa harusi kwa sababu ya pilau kukosa bizari. Basi shangazi alishika tama mlangoni, roho mkononi. Na kwa kuwa magodoro yalimziba hamali macho, nikatangulizwa mimi kupiga habedari, maana kwa kelele nyumbani kwetu sikuwa na mshindani.

Sasa, jirani. Jirani alipata baskeli mpya, na tangu aipate, salamu za watu alizijibu kwa kengele. Habedari aliiita kelele za makuli. Tulipofika kona ya msikiti nikapiga ukelele mpaka koo likaniwasha. Upande wa pili ikajibu kengele.

"Habedari, ami! Gari zito!"

"Nipishe wewe! Mie sipigiwi kelele na vitoto!"

Akakata kona kwa mbio zake zote. Hamali akajitupa nyuma kulivuta gari; gari likaendelea kidogo, kama halikusikia. Pu! Baskeli ikapiga gurudumu, ikajikunja kama jelebi. Jirani akaruka, akazama godoroni kwa kichwa, akapotea mpaka kiunoni.

Hakuna aliyemtazama yeye. Wote tulimtazama bibi, aliyekuwa akija nyuma na chetezo chake cha udi. Akafunua kanga pole pole, akapitisha kidole kwenye kioo, akajiangalia, akatengeneza buibui.

"Kizima," akasema. Kisha akamgeukia jirani, aliyekwishachomoka godoroni, masharubu yamejaa sufi. "Na wewe mzima. Bahati mbaya."

Mwalimu anasema kitu laini hurefusha muda wa kugongana, ndiyo maana pigo hupungua. Sawa, nakubali: fuvu la jirani lilipata godoro, baskeli haikupata. Lakini kiburi kina uzito gani? Hapo chaki yake inakatika.

Siku hizi magari ya hamali hayaonekani. Vichochoroni zinapita vespa zinazokoroma na masanduku ya wageni yenye vijigurudumu, kila mmoja anajiona wa kupishwa, hapishi mtu. Jirani naye ana vespa, ulitegemea nini?

Jana nilimsindikiza bibi sokoni. Kwenye kona ileile nikasikia vespa inakuja kwa kasi, na kabla sijafikiri nikapiga ukelele: "Habedari!" Vijana waliokuwa mbele yetu wakageuka, wakanicheka usoni. Hakuna aliyesogea hata unyayo. Bibi peke yake, na magoti yake mabovu, alikwishajibandika ukutani.

Vespa ikapita, moshi wake ukatuachia kikohozi. Bibi bado kabana mgongo ukutani, kashika buibui lake lisinaswe, anangoja gari la hamali lipite.