Tiketi ya Chuma Kizito

Nilipoandika tiketi ya kwanza ya tamasha letu, neno moja nililiacha kwa makusudi: muziki. Niliona linapoza. Kibiti ya miaka ile, soko huria limefunguliwa juzi na kila genge lina redio kaseti inayokoroma, ukimwambia mtu "muziki" atafikiria taarabu ya harusini au bendi za dansi za Dar es Salaam. Mimi nilikuwa na kitu kingine. Nilikuwa na kaseti chache za vijana wa Ulaya wenye nywele ndefu, wanaopiga magitaa kana kwamba wanapasua mawe, na nilikuwa na hakika kwamba Rufiji nzima, tangu Utete hadi kwenye mikoko ya delta, ilikuwa ikiwangoja bila kujua.

Muziki huo una jina lake la Kiingereza, heavy metal, na wengine walilitumia bila haya. Lakini mimi nilikuwa nimerudi kutoka shuleni Dar es Salaam na kiapo. Tulikuwa kikundi cha waandishi chipukizi, tukikutana kusomeana kazi zetu na kusifiana, na tuliapa kwamba neno la kigeni halitapita kalamuni mwetu bila kutafsiriwa. Basi niliketi siku nzima nyuma ya kaunta ya duka la shangazi yangu nikatafsiri. Chuma kizito. Nililiandika, nikalitazama, macho yakanilowa. Tamasha la Chuma Kizito! Nikajiona nimeifanyia lugha hisani kubwa, na lugha itanikumbuka.

Shangazi hakuwa na habari na hisani hiyo. Alikuwa mjane, mtoto wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa mtoni, na duka lake lilikuwa na kila kitu: khanga, mafuta ya taa, chumvi, nyavu, pipa la misumari. Alinipa kazi ya kupima sukari nikisubiri majibu ya mitihani. Mimi nilipima sukari kwa mkono mmoja na kwa mwingine niliandika riwaya yangu ya kwanza, rundo la karatasi nililolihifadhi chini ya kaunta, karibu na sabuni, hivyo ilinukia vizuri kuliko ilivyosomeka.

Jambo moja alilokuwa nalo shangazi, ambalo mimi sikulijua thamani yake, ni neno lake. Watu wa vijiji vya Mahege na Dimani walimwachia korosho zao bila mizani, wakaja baada ya mavuno ya mpunga kuchukua haki yao. Akisema khanga hii haichuji, haichuji. Kwa hiyo nilipomwomba tuuze tiketi dukani kwake, aliuliza kwanza.

"Hilo tamasha lako, baba, ni kitu cha kweli?"

"Cha kweli, shangazi."

"Maana mie nikishaweka kitu juu ya kaunta hii, mtu hakununui wewe. Ananinunua mie."

Nilimjibu kwa hotuba kuhusu sanaa na uhuru wa roho. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Haya, weka pale karibu na viberiti."

Mwenzangu katika mradi huo alikuwa mwalimu kijana aliyetoka bara, aliyejifunza gitaa kwenye kwaya ya kanisa na sasa alitaka kulitubisha kwa njia nyingine. Alipata wenzake wawili kutoka Dar es Salaam, mmoja wa ngoma na mmoja wa gitaa la besi. Mwalimu alisoma tiketi yangu akakuna kichwa.

"Mbona hujaandika kwamba ni muziki?"

"Ndugu yangu," nikamwambia, "mashairi hayajielezi."

Juma la kwanza hakuna aliyenunua. Watu walizigeuza tiketi, wakazirudisha kwenye viberiti. Nikaona zina ubaridi. Nikaziandika upya na kuongeza sentensi mbili ambazo hadi leo nikizikumbuka hupata joto shingoni: "Kila mwenye tiketi atapata chuma chake. Hakuna atakayeondoka mikono mitupu." Halafu, kwa kuogopa watu wa kughushi, kana kwamba kuna mtu angeghushi tiketi zilizokataliwa bure, nikachongesha mhuri wa mpira, mviringo, wa zambarau, nikazigonga zote.

Zikaanza kuuzika. Kuuzika ni neno dogo. Wanawake walikuja wawili wawili, wakazifunga kwenye pindo la khanga. Nikapanda baiskeli kwenda Mahege, nikarudi sina hata moja. Nikaenda Dimani, vilevile. Mtu mmoja alitoka Utete kwa ajili hiyo tu. Usiku mmoja nilimwambia mwalimu kwamba ndani ya kila Mndengereko wa Rufiji kuna gitaa lililofungwa kamba, na sisi tumekuja kulifungua. Mwalimu akasema labda.

Nakumbuka vizuri mzee mmoja wa Mahege, aliyekuwa akisuka ungo mlangoni kwake. Nilimwamkia, akaitikia, akaipokea tiketi na kuitazama kwanza mhuri, kisha maandishi.

"Kizito kweli, mjukuu wangu?"

"Kizito, babu. Kuliko vyote ulivyowahi kukutana navyo."

"Maana siku hizi wanatuletea vyepesi vyepesi. Siku mbili kimekwisha."

Nilidhani anasema nyimbo za dansi. Nikaona huyu ni mtu wa maana, mhakiki kabisa. "Hivyo ni vya biashara tu, babu. Hiki kimetoka Ulaya. Uingereza."

"Uingereza!" Akaita ndani, "Mama weeee! Cha Mwingereza kimerudi!" Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza siri, "Na hakipindi?"

"Hakiwezi kupinda, babu. Hakijui kupinda."

Akachukua mbili, yake na ya mkewe, akauliza kama mabinti walioolewa nao wanaruhusiwa. Nilirudi Kibiti nikipiga kengele ya baiskeli njia nzima.

Siku ya tamasha ilikuwa Jumamosi, alasiri, kwenye uwanja wa mpira. Tulizungushia wigo wa makuti, tukajenga jukwaa la boriti za mikoko, tukaweka jenereta la kukodi na spika mbili ndefu kama makabati. Shangazi alikaa mbele kabisa, kwenye kiti alichobebewa kutoka dukani, amevaa khanga mpya ya doti, kwa sababu ile ilikuwa pia siku yake. Wateja wake wote walikuwa hapo. Aliwaitikia salamu kama mwenye arusi.

Watu waliingia wengi kuliko tulivyoota. Nikaona wamekuja na magunia. Nikajiambia, wamekuja na vitu vya kukalia, watu hawa wana utamaduni. Wengine walikuwa na kamba, na wanawake walikuja na kata zao za kubebea mizigo kichwani. Hilo sikulifasiri, nililipita tu. Furaha ina macho mabovu.

Mwalimu akapiga gitaa. Nakuambia, makuti ya wigo yalitikisika. Kunguru wa soko zima waliruka. Yule wa ngoma akaanza kupiga kama mtu anayedaiwa na ngoma, na mwalimu akafungua kinywa akatoa mngurumo ambao kwaya yake isingeutambua. Alikuwa akiimba maneno yangu, kuhusu mto unaokula kingo zake. Nikageuka kuwatazama watu nione roho zao zikifunguka.

Walikuwa wamepanga foleni.

Foleni nzuri, iliyonyooka, wanaume huku na wanawake kule, kutoka jukwaani hadi nje ya wigo, kila mtu na gunia lake kwapani na tiketi mkononi. Hakuna aliyecheza wala aliyekasirika. Walisubiri kwa uvumilivu wa watu waliosubiri sukari na sabuni mbele ya duka la ushirika kwa miaka mingi, wanaojua kwamba anayelalamika hurudishwa nyuma. Nikajieleza mwenyewe moyoni: ni heshima. Wimbo wa pili ukaisha, wa tatu ukaisha. Foleni ilisogea hatua moja.

Mwanamke aliyekuwa wa kwanza, kutoka Dimani, akaninong'oneza kwa huruma, "Mwanangu, mashine hiyo ikinyamaza ndiyo mtaanza kugawa?"

"Kugawa nini, mama?"

"Majembe."

Nadhani nilicheka. Yeye hakucheka. Akanionyesha mhuri. Na hapo ndipo nikaisoma tiketi yangu kwa mara ya kwanza kama mtu anayesoma, si kama mtu aliyeandika. Karatasi ndogo yenye mhuri wa zambarau, inayosema kila aliye nayo atapata chuma chake. Kwa watu waliokulia kwenye vibali vya mgao wa bidhaa, hiyo haikuwa tiketi ya kitu chochote isipokuwa kibali. Na chuma kizito, kinachotoka Uingereza, kisichopinda, ni jembe. Jembe la zamani, lililopotea madukani wakati wa shida, ambalo watu walikuwa bado wanalisimulia kama marehemu mpendwa.

Habari zikapita kwenye foleni kutoka mbele kwenda nyuma. Hawakunijia mimi. Wakamgeukia shangazi.

"Bi mkubwa," alisema yule mzee wa Mahege, kwa adabu iliyoumiza kuliko tusi, "sisi tulichukua kwako."

Mwalimu aliacha kupiga. Jenereta likabaki peke yake likisema. Shangazi alinyoosha mkono, nikampa tiketi, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha akanitazama.

"Chuma kiko wapi, baba?"

"Shangazi, ile ni... ile ni tamathali."

"Tama nini?"

"Tamathali ya usemi. Chuma si chuma. Chuma ni sauti."

"Haya. Mpe mama huyu tamathali yake aende, kwao ni mbali."

Foleni nzima ilicheka, na hata katika aibu ile nilijua kwamba ndicho kicheko cha kwanza tulichokipata siku ile na si mimi niliyekitunga. Lakini shangazi hakucheka. Alikuwa akitazama zile nyuso, moja moja, nyuso za korosho zilizoachwa bila mizani. Sijawahi kumwona mtu mzima akitafuta neno lake namna ile, kama mtu aliyepapasa mfukoni akakuta pamepasuka.

Kisha akasimama, akajifunga khanga kiunoni.

"Jembe sina," akasema. "Aliyewaahidi jembe ni mtoto, na mtoto ni wangu. Lakini imeandikwa chuma, na imeandikwa hamtaondoka mikono mitupu. Hilo nimelibeba mie. Kaeni mlivyo." Akanigeukia. "Kalete pipa la misumari."

Tulilisukuma pipa kutoka dukani mimi na mwalimu, tukilibingirisha katika mchanga, jasho likitutiririka. Shangazi akaanza kupima kwa kibaba, mtu mmoja, kibaba kimoja cha misumari. Wa kwanza akauliza aibebe vipi, maana gunia lake lingetoboka. Shangazi hakusita.

"Na zile karatasi zako za chini ya kaunta. Lete zote."

Ndivyo riwaya yangu ya kwanza ilivyosambazwa. Nilikunja kurasa mwenyewe, moja moja, kwa mpangilio, mtu wa kwanza akipata mwanzo na wa mwisho akipata mwisho. Mwalimu, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, akarudi jukwaani na wenzake wakapiga. Watu sasa walikuwa wametulia. Yule mzee wa Mahege alipopita na fungu lake na la mkewe, alitikisa kichwa kufuata ngoma, labda hatua tatu, kisha akajishtukia na kuacha.

"Ni cha Mwingereza?" akaniuliza, akipima misumari mkononi.

"Sijui, babu."

"Leo umesema kweli."

Mwaka uliofuata watu walianza kuulizia wenyewe, kabla hatujawaza kitu. "Bi mkubwa, tamasha la misumari lini?" Tulikuwa tumepata jina, ila si lile nililolililia. Na kutoka Utete alikuja mtu dukani akauliza kama yule mwanamke aliyeachwa kwenye ngalawa alirudi, maana karatasi yake iliishia hapo. Nilimpa mkono kwa nguvu mno, nikamtisha. Alikuwa msomaji wangu wa kwanza.

Safari hii shangazi hakuniachia kalamu. Aliniweka kwenye kiti chake, akaniamuru niandike anavyosema, na nilipoinua kichwa kupendekeza neno aliniambia niinamishe. Tiketi ile ninayo bado. Inasema: "Muziki. Una kelele nyingi. Anayevumilia mpaka mwisho atapewa misumari kibaba kimoja, atakuja na mfuko wake."

Zilikwisha kabla ya soko kufungwa. Mzee wa Mahege alisoma yake mara mbili, akauliza, "Kelele hizo lazima tuzisikilize?"

"Lazima," akasema shangazi. "Imeandikwa."

Mzee akaja, akakaa mbele, akasikiliza nyimbo zote. Katikati ya wimbo wa mto nilimwinamia shangazi nikamwambia kwamba, ukitafakari kwa kina, msumari nao ni aina ya...

"Usianze," akasema.