Siku mwanafunzi wangu aliponiambia "Kasi" bila samahani

Wakuu, habari za Jumapili.

Nipo barazani kwangu hapa Raskazone, Tanga, nimestaafu, muda ninao. Hili lilinikuta mwenyewe na sitii chumvi. Ila jina la kambi na aina ya ndege msiniulize, pensheni yangu bado naipenda.

Nilikuwa instructor wa marubani jeshini. Jeti zetu za mafunzo zilikuwa za viti viwili, mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma, na zilikuwa kuukuu kuliko wanafunzi wenyewe.

Ndani ni vipimo vya mshale vitupu, sisi tukiviita saa. Saa ya kasi, saa ya kimo, saa za injini. Mimi kasi nilikuwa hata siisomi. Nikiuona mshale umelala upande fulani, kwa pembe ya jicho tu, nishajua.

Basi ndege zikapelekwa kukarabatiwa. Zikarudi na bodi ileile, injini ileile, ila saa zimeng'olewa, zimewekwa skrini.

Sababu ilikuwa ya maana. Kijana akitoka kwetu anakwenda kwenye ndege za kivita ambazo ndani ni skrini tupu. Ukimlea kwa mishale, akifika kule anaanza upya.

Vijana walizipokea kama simu mpya. Mimi sasa... mzoea vya kunyonga, vya kuchinja hawezi. Kwenye skrini kasi ni tarakimu, lazima uisome. Macho yangu yalikuwa yanakimbilia pale ulipokuwa mshale, yanakuta ramani.

Na walimu wote tulitakiwa kufuzu upya. Ukishindwa unapewa meza ofisini, kuruka ndiyo basi. Kwangu mimi hiyo ilikuwa sawa na kuzikwa mzima.

Aliyepangwa kunifundisha ni mwanafunzi wangu mwenyewe wa zamani, sasa naye mwalimu. Nimwite Mariamu, binti wa Usagara, hapahapa mjini, alikuwa ametoka kozi ya hizo skrini. Mama yake tunafahamiana, aliwahi kuniambia nimlee kama wangu. Leo mimi nakaa mbele, yeye nyuma.

Kabla ya kupanda, shikamoo. Hewani, kila sentensi inaanza na samahani. Moyoni nikawa nafurahi, mtoto kalelewa huyu. Watu wa Tanga mnatujua kwa adabu.

Siku moja tulikuwa tumepita juu ya Pangani na mashamba ya mkonge, tukarudi kutua. Nimezama kwenye skrini natafuta kimo. Kasi inashuka, mimi sina habari.

Nikamsikia masikioni: "Mwalimu, samahani sana, naomba, kama utaona inafaa, uangalie..."

Hakumaliza. Ndege ikaanza kutetemeka, yaani mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba. Ukiwa chini vile, ikianguka hakuna anayebaki kusimulia. Akaninyang'anya usukani, akaongeza nguvu ya injini, tukapaa tena, akazunguka akatua yeye.

Nilishuka, nikasimama kando ya bawa kumsubiri. Nikajua nitakaripiwa, na ni haki yangu. Badala yake binti akaja kainamisha kichwa, ananiomba radhi kwa kuninyang'anya ndege.

Wakuu, hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Mtu kakiona kifo, bado anatafuta maneno ya kutomvunjia mkubwa heshima.

Nikamwambia, "Mwanangu, samahani zako niachie huku chini. Kule juu niambie kama unavyomwambia mtu anayetaka kukanyaga waya wa umeme."

"Siwezi, Mwalimu. Mama akisikia?"

"Mama yako nitaongea naye mimi."

Nikakaa na jambo lile. Miaka yote nikikaa nyuma, ni wanafunzi wangapi waliona kosa langu wakalimeza? Zile saa nilizijua mno, zikanisitiri. Skrini ndiyo iliyonivua nguo.

Tuliporuka tena, tunakuja kutua, palepale, sauti ikatoka nyuma.

"Kasi."

Neno moja, kavu. Mkono wangu ulishaongeza nguvu kabla sijafikiri. Tukatua vizuri.

Baadaye nilifuzu, nikarudi kiti cha nyuma hadi nilipostaafu. Kila mwanafunzi mpya nilimwanzishia hapo: ukiniona nakosea, nipe neno moja. Wengi lile liliwatoa jasho kuliko skrini.

Nilichojifunza ni kwamba ndege kuukuu unaweza kuitia vifaa vipya ikapendeza, lakini waliomo ndani wakibaki wanaongea kizamani, umekarabati nusu. Heshima si utumwa, na wala si kumwacha mkubwa afe kistaarabu.

Nyie mlioko hospitali, kwenye malori, maofisini, mkubwa akikosea mnamwambiaje? Na marubani wa humu, nilipokosea nirekebisheni, samahani sizihitaji.

Mariamu kanipigia leo asubuhi, shikamoo ndefu, salamu za mama yake juu. Nimeitikia zote. Lakini sijapata kuheshimiwa na mtu kama siku ile aliponiambia "Kasi."