Mama aliyeionea huruma ngano ya kivulini

Saa moja asubuhi, kabla jua halijakolea, mama mmoja anapiga magoti mbele ya kitalu cha ngano kwenye shamba la majaribio. Anakaza kamba ya neti nyeusi, anaijaribu kwa kidole, anakaza tena.

"Hilo fundo utalifungua kwa shoka," anatania mwenzake wa kumwagilia, akiburuta mpira wa maji. "Au siku hizi huwahurumii hawa wanao wa ngano?"

Hacheki. Anainamisha uso.

Hapa wanamwita Mama Kivuli. Kazi yake ni kufunika vitalu fulani na kuacha vingine juani, ili ijulikane kivuli hudhoofisha bua kiasi gani. Ngano iliyonyimwa mwanga hurefuka kuutafuta. Bua huwa jembamba, laini, na upepo ukipiga hulala chini na suke lake.

"Msimu uliopita niliyaona mabua yamepauka, yamejinyoosha kama watoto wanaochungulia juu ya ukuta," anasema taratibu. "Roho ikaniuma. Wakubwa wakienda kula mchana, nikawa nafunua neti. Wakikaribia kurudi, nafunika."

Hakumwambia mtu. Siku ya kupima, bwana shamba aliyasukuma mabua yale kwa kiganja. Yakayumba, yakarudi wima. Alishangilia: mbegu inayostahimili kivuli imepatikana! Akaahidi kuwagawia wakulima wanaopanda chini ya miti.

"Akanishika mkono mbele ya watu. 'Mama, umetulelea vizuri.' Nilitamani ardhi inimeze. Nikawaza, kuna mwenzangu ataipanda hii, watoto wanangoja unga, halafu upepo uje."

Jioni ile ile alimfuata ofisini. Alishindwa kukaa.

"Baba, ngano haina ujanja wowote. Ujanja ni wangu, mchana nilikuwa nafunua neti."

Bwana shamba, aliye rika la mwanawe, aliweka kalamu chini. "Kila siku, mama?"

"Kila siku, baba. Hata siku ya ibada nilipita hapa kwanza."

Ugawaji wa mbegu ulisimamishwa, jasho la msimu mzima likapotea, kazi ikaanza upya. Yeye hakufukuzwa.

"Wangenitukana ningepumua," anasema. "Wamenirudishia neti ile ile."

Siku hizi mchana hukaa nyuma ya ghala, asiyaone mabua. Watakapopima tena, ameomba ayasukume kwa mkono wake mwenyewe, wote wakitazama.

"Zamani niliomba Mungu yasianguke," anasema, akipangusa magoti. "Sasa siombi hivyo. Yakilala, yalale. Yakisimama, yawe yamesimama yenyewe."