Lutfa Amtembeza Bwana Harusi

Lutfa hakumheshimu mtu yeyote katika kijiji cha Shalmara, na mtu wa kwanza ambaye yeye alimdharau alikuwa baba yake mzazi. Mwaka aliotimiza miaka kumi na mitatu, mzee yule alikwenda ofisi ya kata, akarudi na cheti cha kuzaliwa kilichosema bintiye ana kumi na minane. Alikishika juu chini, maana hakujua kusoma, akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

Wiki hiyohiyo wakaja wanawake wa upande wa mume. Walimfungua nywele na kuzivuta wakihakikisha ni zake, wakamwambia acheke wamtazame meno, wakamtembeza ua mzima.

"Rangi imekolea kidogo," alisema mmoja huku akitafuna tambuu, "lakini mifupa imara. Kazi ataiweza."

Akaozwa kwa Sobhan, mwanamume aliyekuwa hawezi kuamua hata shati la kuvaa bila kumuuliza mama yake. Mama huyo, Bi Korimon, alianza kulichunguza tumbo la mkwewe kabla hina haijafutika mikononi.

"Vipi, mke wa Sobhan, bado kimya? Mti usiozaa huwa kuni."

"Mama, hata miezi mitatu sijamaliza."

"Mimi nilimaliza mmoja."

Lutfa akafungwa hirizi kiunoni, akanyweshwa maji ya dua. Alipofika miaka kumi na mitano akajifungua sakafuni, siku mbili mchana na usiku, mwili wake ukachanika na damu ikakataa kukatika. Nje ya mlango alimsikia Bi Korimon akimuuliza mkunga, "Wa kiume?" Hakuuliza kama mama yu hai. Alipoambiwa ni msichana, alitema tambuu ukutani akaenda kuota jua. Lutfa alipona, ila hakushika mimba tena, na tangu hapo Bi Korimon akawa anamwita nusu mwanamke.

Mtoto aliitwa Jhumur. Alipofika darasa la tisa, Bi Korimon hakulala tena kwa raha.

"Mwanamke akifika ishirini ni kikongwe," alimwambia mwanawe. "Tumwoze angali na wa kumtaka."

Sobhan akakubali, kama kawaida yake. Mshenga akaleta mchumba: Mostafiz, muuza mbolea wa sokoni, umri miaka thelathini na miwili, kofia haimtoki kichwani. Wakaja na shangazi mtu na kundi la jamaa, wakala tambi za maziwa hadi kitako cha sufuria kikaonekana. Jhumur akatolewa, miaka kumi na mitano, amejifunika sari hadi kwenye nyusi.

"Mwambieni atembee kidogo tumwone," alisema shangazi.

Lutfa alikuwa amesimama mlangoni. "Atembee kwanza bwana harusi," alisema.

"Unasemaje?"

"Nasema atembee. Na kofia avue, tuone kama nywele ni zake."

"Mama Jhumur, funga mdomo!" Sobhan alifoka.

"Nimeufunga miaka kumi na saba, baba Jhumur. Haya kaka, cheka basi, tukuhesabu meno."

Mkono wa Mostafiz ukaruka wenyewe kuishika kofia. Msichana mmoja wa upande wao akaangua kicheko, akakizika ndani ya sari yake. Shangazi akainuka.

"Nyumba hii haina adabu!"

"Ilikuwepo, dada. Umeila pamoja na tambi, na hiyo ni sahani ya tatu."

Wakaondoka na mshenga wao. Sobhan alimpiga mkewe kofi mbele ya majirani. Lutfa akafunga sari yake vizuri, akaanza kukusanya sahani.

"Umemaliza?" alimuuliza. "Basi kalete kuni."

Aliyelia zaidi alikuwa Jhumur. Rafiki zake wawili walikwishaolewa, naye alishaiona sari nyekundu na bangili hadi kwenye viwiko.

"Umeniaibisha, mama! Sasa nani atanitaka?"

"Ndivyo nilivyokusudia."

"Na huko shuleni hisabati yenyewe siijui!"

"Kuwa mjinga wa darasani. Mjinga wa jikoni tunaye tayari, bibi yako." Akamgeuzia mgongo. Kumpigania mtu naye analilia bangili! Siku ile alimdharau hata mwanawe, na hakujilaumu.

Habari zilienea, na hakuna mshenga aliyekanyaga ua ule kwa miaka minne. Jhumur alifeli mtihani mara moja, akarudia, akapita. Akapata kazi ya kupima uzito wa watoto kwenye zahanati, na huko akazoeana na mpiga chanjo mmoja mpole. Aliolewa naye akiwa na miaka ishirini na mmoja. Baada ya miaka miwili alijifungua hospitali, asubuhi moja tu, na jioni alikuwa amekaa anakula wali na samaki.

Siku aliyokuja kuonyesha mtoto, majirani walijaa uani. Bi Korimon alijikalisha katikati yao, kitukuu mapajani.

"Mimi ndiye niliyesema," aliwaambia. "Nikasema, asome kwanza, asiharakishwe. Muulizeni Sobhan."

Sobhan akatikisa kichwa kukubali. Majirani nao wakakubali.

Jhumur alimtazama mama yake, akingoja aseme neno. Lutfa alikuwa anachambua dengu. Aliokota kijiwe, akakitupa uani, akaendelea kuchambua.